Maji ya dampo: kwa nini dampo likifungwa bado linachafua

Watu wengi dampo wanalijua kwa harufu, nzi na moshi, kwa hiyo likifungwa, likamwagiwa udongo juu na majani yakaota, wanaona yameisha, wengine wananunua kabisa kiwanja pembeni yake. Kitu kinachobaki chini hapo ndo nataka tukielewe, maji ya dampo, wataalamu wanayaita lichati.

Si unajua bibi zetu walivyokuwa wanatengeneza magadi ya majivu? Majivu unaweka kwenye chungu kilichotobolewa chini, unamimina maji juu, kinachodondoka sio maji tena, kimebeba chumvi yote ya yale majivu. Dampo nalo ni hivohivo, ila badala ya majivu humo kuna betri, makopo ya rangi, dawa zilizoisha muda, pampasi, mabaki ya chakula, kila kitu. Mvua inaingia, taka zinaoza bila hewa, kuoza kunatoa asidi, asidi inayeyusha madini kama risasi na kadmiamu, na protini za vyakula zinageuka amonia ambayo inaweza kuendelea kutoka miongo mingi baada ya lori la mwisho kuondoka. Kinachotoka ni maji meusi ya kahawia, yananuka, na yanafuata mteremko kama maji yoyote.

Dampo la kisasa linatandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nene chini, afu mabomba yanakusanya hayo maji yakasafishwe. Yale ya zamani hayakuwa na kitu, taka zilimwagwa tu kwenye shimo au bondeni.

Angalia Dar. Wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji mwaka 1988 kwa ajili ya dampo, wakashinda, jiji likawa linaomba kuongezewa muda mpaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, na mimi wale wakazi nawaheshimu sana kwa kutokata tamaa. Baadae taka zikaenda Vingunguti, kando ya mto Msimbazi, zikaja Mtoni ambako palifungwa 2007, sasa hivi ni Pugu Kinyamwezi. Yani dampo linahama lakini taka za zamani hazihami, na ardhi ya Dar sehemu kubwa ni mchanga, maji yanapita haraka kwenda kwenye visima.

Nairobi hali ya dampo la Dandora, lililoanza miaka ya 1970, ilipimwa kwa watu wenyewe. Utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa 2007 ulipima watoto 328 wa jirani, na nusu yao damu ilikuwa na risasi kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Pale moshi na vumbi navyo vimo, sio maji peke yake, ila risasi kwa mtoto inaharibu ubongo na haurudi ulivyokuwa.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuchemsha maji ya kisima akaona yuko salama. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, na dawa ya klorini pia, risasi na naitreti (ile amonia ikishageuka ardhini) zinabaki palepale, tena maji yakipungua sufuriani zinakolea. Kama kisima chako kiko bondeni chini ya dampo, hata lililofungwa zamani, peleka sampuli maabara, Wizara ya Maji inazo mikoani, na uwaambie wapime madini na naitreti, usiishie kwenye kipimo cha vijidudu.