Majani Si Mizizi: Kuotesha Bugenvilia kwa Vipandikizi vya Shina mjini Goma

Wakazi wa Goma wanaofika kitaluni kwetu mara nyingi huleta lalamiko moja: kipandikizi cha bugenvilia kilichipua vizuri, kikatoa majani mabichi, kisha kikanyauka siku chache baada ya kuhamishiwa juani. Ukikichomoa utakuta hakina hata mzizi mmoja. Tawi lililokatwa hubeba akiba ya wanga, na akiba hiyo yatosha kuyafungua macho ya juu, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye shina, kabla kidonda cha chini hakijafunga na kutoa mizizi. Majani ya mwanzo huonyesha tu kwamba chakula hakijaisha. Mizizi huchukua wiki 6 hadi 10, na kwa ubaridi wa mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, namshauri kila mtu angoje wiki zote 10.

Chagua tawi lililokomaa kiasi, nene kama kalamu ya risasi, lisilo na maua. Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 kwa kisu kikali na safi: mwisho wa chini ukatwe mshazari, karibu kabisa na kifundo (pale jani linapoota kwenye shina), na wa juu ukatwe bapa, ili usije ukakipanda kichwa chini. Jambo hili si dogo, kwa sababu oksini, homoni inayochochea mizizi, hushuka kutoka kwenye macho na kukusanyika upande ule uliokuwa chini tawi lilipokuwa mtini. Ondoa majani, ukibakiza mawili ya juu yaliyokatwa nusu.

Kuhusu udongo, Goma imejaliwa. Changarawe nyeusi nyepesi ya volkano, ile ile inayotutesa tunapotaka kulima mboga, ina vitundu vinavyohifadhi unyevu, huku nafasi kati ya punje zake zikipitisha hewa. Ichekeche, ioshe, kisha uchanganye sehemu mbili zake na sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza. Jaza bidoni (dumu la plastiki) iliyokatwa na kutobolewa chini, zika theluthi moja ya kipandikizi, ukifunike kwa chupa angavu ya plastiki iliyokatwa kitako, na ukiweke kivulini. Mwagilia pale tu udongo wa juu unapoanza kukauka, kwani ninavyoona mimi vipandikizi vingi zaidi hufa kwa kuoza kuliko kwa kiu.

Ukianza mvua zinaporudi mwezi wa Septemba, miche itakuwa tayari kabla ya ukavu mfupi wa Januari. Usikivute kipandikizi ili kukagua. Tazama kama mizizi imechungulia kwenye matundu ya chini. Ikionekana, ondoa chupa, uzoeshe mche jua polepole kwa wiki moja, kisha upasue bidoni kando kwa mkasi, kwa kuwa mizizi ya bugenvilia hukatika upesi mno, na uingize udongo wake wote shimoni bila kuutikisa.