Eti hesabu za msingi kila mtu anaziweza?

Utasikia watu wakisema mwalimu wa shule ya msingi hahitaji kujua somo kwa kina: awe na upole, ajue kutuliza darasa, kitabu kitamsaidia yaliyobaki. Hapana. Kitabu hakijibu "kwa nini" ya mtoto.

Chukua 1¾ gawanya kwa ½. Mwaka 1999 mtafiti Liping Ma alichapisha alichokipata alipowapa walimu wa msingi swali hilo hilo. Walimu 72 wa China walipata wote. Kati ya 23 wa Marekani, waliofika kwenye jibu kamili ni 9. Na walioshindwa hawakuwa wavivu. Wengi walikumbuka kanuni ya kugawanya sehemu, "geuza, zidisha", nusunusu, kama wimbo uliosahaulika ubeti.

Tatizo lilizidi walipoombwa watunge fumbo la maneno la hesabu hiyo. Wengi waligawanya kwa mbili, wakidhani wamegawanya kwa nusu. Mama mwenye duka angewasaidia: una kilo moja na robo tatu ya unga, unafunga pakiti za nusu kilo. Pakiti ngapi? Tatu, na ya nne inaishia katikati. Ndiyo 3½.

Sasa mtoto ananyoosha mkono: "Mwalimu, mbona tumegawanya na jibu limekuwa kubwa?" Anayejua somo anachota unga. Asiyejua anasema, "Kaa chini, ndiyo kanuni." Upole wake wote hapo haumsaidii kitu.