Mazungumzo ya chini kwa chini ni nini?

Ni mazungumzo ambayo serikali, au makundi yanayopigana, hufanya nje ya mikutano rasmi: kupitia mjumbe, nchi ya tatu, au ofisa aliyetumwa bila kutangazwa. Mara nyingi hadharani pande hizo huwa bado zinatukanana.

Hapa Mombasa jambo hili si geni, maana tuna mshenga. Kijana haendi mwenyewe kuposa. Huenda mtu mzima mwenye ulimi wa heshima, akakaribishwa kahawa, akaulizia hali za wazee, kisha ndipo akagusia kwamba kuna watu wangependa undugu na nyumba hiyo. Wasipotaka, watasema binti bado anasoma. Jibu limefika, na hakuna aliyeaibika.

Wengi hudhani siri hii ni ya kumficha adui. Adui ndiye unayezungumza naye, utamficha nini? Wanaofichwa ni watu wako mwenyewe: wabunge, majenerali, wapiga kura, watakaokuita msaliti kabla hujajua kama mwenzako naye atalegeza kamba.

Wakati mwingine kinachotakiwa si siri, ni kutoonana uso kwa uso tu. Iran ilipokataa kuzungumza moja kwa moja na Marekani kuhusu mateka wa ubalozini Tehran, Algeria ndiyo iliyopeleka na kurudisha maneno. Hata makubaliano ya Januari 1981 yaliandikwa kama tamko la serikali ya Algeria. Mateka 52 waliachiwa tarehe 20 mwezi huohuo.

Mfano wa siri yenyewe ni Kuba. Oktoba 27, 1962, Robert Kennedy, mdogo wake Rais John Kennedy wa Marekani, alimwambia balozi wa Usovieti, Anatoly Dobrynin, kwamba Wasovieti wakiondoa makombora yao Kuba, Marekani nayo baadaye itaondoa ya kwake Uturuki, mradi ahadi hiyo isitajwe popote. Siku mbili baadaye Dobrynin akaleta barua ya Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, iliyoitaja ahadi hiyo waziwazi. Robert akamrudishia. Ahadi ilitimizwa mwaka uliofuata, ila karatasi hiyo hakutaka ibaki mikononi mwake.

Njia hii ina watu inaowaumiza, nao kwa kawaida ni marafiki. Fidel Castro, ambaye makombora yalikuwa nchini mwake, hakuulizwa. Habari kwamba yanaondolewa aliipata kupitia vyombo vya habari, akawaka hasira.