Njiwa Aliyegeuka Doa

Kwaya moja ya mtaani ilileta ofisini kwangu nembo yao ili niwatengenezee muhuri. Ndani ya duara moja walikuwamo njiwa, kinanda, Biblia iliyofunuliwa, ramani ya Afrika na mikono miwili iliyoshikana, na jina la kwaya likizunguka vyote. Muhuri wenyewe upana wake ni kama sentimita nne. Ulipogongwa kwenye barua ya kwanza ya kuomba ukumbi, njiwa alikuwa doa, kinanda doa jingine. Mwenyekiti akauliza kama wino umezidi. Wino haukuwa na kosa.

“Nembo ieleze kila tunachofanya.” Hii ndiyo dhana inayoua nembo nyingi za vikundi, kwa sababu kamati ikikaa kila mjumbe anataka chake kionekane. Lakini kazi ya nembo ni kutambulisha, kama jina la mtu. Anayeitwa Subira si lazima awe mvumilivu, na hakuna anayemdai. Makumbusho ya Victoria and Albert, London, yamejaa nguo, vyungu, sanamu na vito vya karne na karne. Nembo yake, iliyochorwa na Alan Fletcher mwaka 1989 na inayotumika hadi leo, ni V, & na A tu. Hiyo A imekatwa mguu wa kushoto, na & ndiyo inayoziba pengo. Humo ndani hakuna chungu hata kimoja.

“Tukipata nembo, tumemaliza.” Hapa huwa nawaambia watazame kanga. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina lake. Kila toleo huja na rangi mpya, maua mapya na maneno mapya, lakini mpangilio ni uleule, ndiyo maana ukiiona imeanikwa kambani uani kwa jirani unajua ni kanga hata kabla hujalisoma jina. Kikundi cha ngoma au cha maigizo kinahitaji pindo lake: aina moja ya herufi, rangi mbili, na mahali pamoja pa kuweka jina kwenye kila tangazo. Hayo yakishikwa kwa miaka miwili mitatu, hata bango alilolitengeneza katibu kwenye simu usiku wa manane litajulikana ni la kwenu.

“Rangi nyingi ndizo zinazovutia.” Muulizeni fundi wa kuchapa fulana: kila rangi ina skrini yake, yaani fremu ya kitambaa inayopitisha wino, na kila skrini ina bei yake. Na ile kijani inayowaka kwenye simu ni mwanga. Wino haung'ai hivyo.

“Sisi ni kikundi cha afya, tuwekee msalaba mwekundu.” Nimeombwa hili zaidi ya mara moja na jibu langu ni hapana. Alama hiyo, pamoja na hilali nyekundu, inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Vitani ndiyo inayomwambia mwenye bunduki kwamba hawa ni majeruhi na wahudumu wao, wasiguswe. Ikibandikwa kila mahali inapoteza nguvu hiyo.

“Nembo ipo, imo kwenye WhatsApp.” Iliyomo WhatsApp ni picha iliyobanwa, ikuze kwa bango la ukumbini uone inavyovunjika kingo. Daini faili la vekta, yaani mchoro uliohifadhiwa kwa mistari badala ya nukta, maana hilo hukuzwa bila kuharibika, na mlitunze kwenye barua pepe ya kikundi. Simu ya katibu ikiibiwa Kariakoo, nembo isiondoke nayo.

Kwaya ile ilibaki na njiwa peke yake, mstari mmoja usiokatika. Mpiga kinanda hajanisemesha tangu siku hiyo.