Kaburi lisilo na jiwe bado ni kaburi

Nimeulizwa tena wiki hii: makaburi ya walowezi tunayoyafyeka Nebraska, Marekani, ni mangapi? Nikasema sijui. Mwenzangu akashangaa, kwani mawe alishayahesabu: 14.

Jamani, mawe si idadi ya waliozikwa! Familia iliyopewa ekari 160 chini ya sheria ya Homestead ya 1862, iliyogawa ardhi ya serikali kwa walowezi, ilitakiwa kuishi pale miaka mitano ndipo ipate hati ya shamba. Mtoto akifa mwaka wa pili, marumaru ingelipiwa na nini? Walichomeka ubao, au jiwe la kuokota shambani. Ubao huoza, na moto wa nyikani huuteketeza.

Kwa hiyo mimi huanzia kwenye karatasi. Sensa ya 1900 iliwauliza akina mama wamezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Mama mmoja ninayemfuatilia alijibu 9, hai 5. Makaburini kwao kuna jiwe moja tu la mtoto. Watatu wako wapi? Huenda walifia mbali, siwezi kuapa. Na sensa ni ya kila miaka kumi, ila ile ya 1890 karibu yote ilipotea kwa sababu ya moto wa Washington wa 1921, hivyo mtoto aliyezaliwa 1881 akafa 1899 hayumo katika sensa yoyote ya taifa iliyobaki. Kwake yeye, ushahidi unaweza kuwa ni bonde dogo tu kwenye nyasi, pale kaburi lilipodidimia, basi.

Ndiyo maana nilikaribia kulia nilipokuta mtu mwenye nia njema kabisa amemwaga udongo na kusawazisha mabonde yote ili mashine ya kukatia majani ipite vizuri. Bonde lile hutokea udongo uliochimbwa unaposhuka na jeneza linapobomoka. Ukilifukia, umemfuta mtu. Si kila bonde ni kaburi, nakubali: mti uliong'oka huacha shimo, na wanyama huchimba. Nami nimewahi kukosea. Rada ya ardhini, chombo cha kupeleka mawimbi chini ya udongo, nayo haionyeshi mifupa, huonyesha udongo uliovurugwa, na kwenye mfinyanzi mzito mara nyingi haioni kitu.

Njooni alfajiri, jua likiwa chini, kivuli kijaze mabonde. Tafuteni yaliyolala mashariki-magharibi, yaliyopangana. Chomekeni vibendera kabla mashine haijawashwa. Na ile mimea ya vinka inayotambaa, yenye maua ya zambarau, msiing'oe. Mara nyingi kuna mkono wa mtu ulioipanda pale.