Kiwango cha umande: kwa nini miwani ya kinga huingia ukungu

Kiwango cha umande ni joto ambalo hewa ikipoa hadi kulifikia, haiwezi tena kushika mvuke wote wa maji ilionao. Unaozidi hugeuka maji na kutua juu ya chochote chenye baridi kilicho karibu. Agiza soda baridi pale Kirumba, Mwanza, mchana: chupa inalowa kwa nje hata kabla haijafunguliwa. Haijavuja. Hewa inayotoka ziwani imegusa kioo chenye baridi kuliko kiwango chake cha umande, basi. Ukungu wa ndani ya miwani ya kinga ni jambo hilohilo, ila hewa inayohusika si ya ziwani, ni ile uliyoifungia usoni kwako.

Fundi wa grenda Nyakato, mhudumu anayechanganya klorini kiwandani kwa samaki, bodaboda aliyeshusha kioo cha helmeti kwenye mvua ya Aprili, wote wana lalamiko moja: nimeuziwa miwani mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini hata miwani ya bei kubwa itaingia ukungu endapo lenzi yake ina joto dogo kuliko kiwango cha umande cha hewa iliyo nyuma yake. Dawa zote za ukungu, za dukani na za kienyeji, zinachezea moja kati ya mambo matatu: kushusha kiwango hicho cha umande, kupandisha joto la lenzi, au kuyaacha maji yaje lakini yatandazike yasiweze kuziba macho.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mtu anabaki kubahatisha. Hewa yenye nyuzi joto 20 ikijaa mvuke kabisa hubeba takribani gramu 17 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Ikiwa na nyuzi 30 hubeba kama gramu 30, na ikifika nyuzi 35 inakaribia gramu 40. Yaani joto likipanda kidogo tu, uwezo wa kubeba mvuke unapanda sana, na likishuka kidogo, maji mengi yanakosa pa kukaa.

Sasa chukua mchana wa kawaida Mwanza, nyuzi 27 na unyevunyevu wa asilimia 60. Kiwango cha umande cha hewa hiyo ni kama nyuzi 18 na nusu. Lenzi yenye nyuzi 26 haiogopi kitu hapo. Vaa miwani, anza kazi. Ile nafasi ndogo kati ya jicho na lenzi inapashwa na ngozi na kulishwa jasho. Ikifika nyuzi 33 na unyevunyevu asilimia 85, kiwango chake cha umande kimeruka hadi nyuzi 30 hivi. Lenzi yenyewe bado iko kwenye 26 au 27, kwa kuwa upande wake wa nje unapigwa na upepo. Ukungu hapo ni lazima. Ongeza barakoa inayovujisha pumzi kwenye daraja la pua na mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu pumzi inayotoka ina joto la nyuzi 34 hivi na imekaribia kujaa mvuke. Ndiyo maana ukungu wa mtu mwenye barakoa huanzia chini, karibu na pua, na kupanda juu.

Mfano unaoonyesha haya yote kwa uzuri ni wa mchezo ambao kwetu haujaenea, easofti. Wachezaji wanagawana timu na kuwindana kwa bunduki za bandia zinazofyatua vidonge vya plastiki vya milimita 6. Kidonge cha gramu 0.20 kikitoka kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde kinabeba nishati ya jouli 1, inayotosha kabisa kuharibu jicho. Kwa hiyo miwani haivuliwi uwanjani kwa sababu yoyote. Na mchezo wenyewe ni wa kukimbia na kujibanza. Ungechezwa kwenye mawe yetu haya ya Mwanza, mchezaji angepanda mbio kutoka jiwe moja hadi jingine akihema, kisha akalala kimya nyuma ya jabali akimvizia adui. Akiwa mbioni, upepo unapita kwenye matundu ya miwani na kuondoa mvuke. Akisimama tu, upepo unakata, lakini jasho halijui kuwa mbio zimekwisha; linaendelea kutoka kwa dakika kadhaa. Ukungu unamkuta pale pale anapohitaji kuona vizuri kuliko wakati wowote. Bodaboda anaujua mtego huu vizuri sana: barabarani kioo ni safi, kwenye taa za kuongozea magari kinafunga.

Mtu aliyekutana na shida hii mahali pabaya kupita wote ni Eugene Cernan, mwanaanga wa Marekani. Juni 1966 alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A, na kazi ikawa ngumu kuliko ilivyotarajiwa. Alitoa jasho kiasi kwamba mfumo wa kupoza vazi lake ulishindwa, kioo cha kofia kikafunga ukungu. Mkono haungeweza kuingia ndani, kwa hiyo alifuta kijidirisha kwa ncha ya pua. Baada ya hapo NASA, shirika la anga la Marekani, ilitengeneza dawa ya kupaka kwenye vioo vya wanaanga waliofuata, na kiungo kimojawapo kilikuwa sabuni ya maji. Kwa hiyo fundi anayepaka sabuni ya vyombo kwenye miwani yake asione haya.

Sabuni inafanyaje kazi? Ukungu unazuia kuona kwa sababu maji yametua kama vitone vidogo vingi sana, na kila kitone kinapinda mwanga upande wake. Maji hayohayo yangetandazika kuwa utando mmoja mwembamba, mwanga ungepita karibu kama kawaida. Maji safi hupenda kujikunja kuwa kitone kwa sababu ya mvutano wa uso wake. Sabuni inaupunguza mvutano huo kwa zaidi ya nusu, hivyo maji yanalala badala ya kujikunja. Kiwango cha umande hakijabadilika, maji bado yanakuja, ila hayakuzibi. Kwa sababu hiyohiyo, nta na dawa za kufanya maji ya mvua yateleze kwenye kioo cha gari zisipakwe ndani ya miwani. Hizo zinayafanya maji yajikunje zaidi.

Namna ya kupaka ina maana kuliko aina ya sabuni. Suuza lenzi kwanza kwa maji yanayotiririka, maana vumbi la grenda ni chembe za chuma na mawe, ukilifuta likiwa kavu unaikwaruza lenzi mwenyewe. Weka tone moja la sabuni ya maji kwenye ncha ya kidole, paka upande wa ndani mpaka lenzi ionekane ina utando mweupe. Iache ikauke kidogo. Kisha chukua kitambaa laini cha pamba na kuisugua taratibu, bila kukandamiza, hadi weupe wote utoweke na uone kupitia kwenye lenzi kama vile hukupaka kitu. Ihemee mara moja. Ikibaki wazi, umemaliza; ikifunga, rudia. Sabuni ya unga ikwepe, chembe zake zinakwaruza, na dawa ya meno inayosifiwa mitaani ina kasoro hiyohiyo.

Usiache sabuni nene ukidhani nyingi ndiyo bora. Jasho likiiyeyusha inatiririkia machoni, na hapo utavua miwani mahali usipopaswa. Chris Hadfield wa Kanada lilimpata hilo mwaka 2001 akiwa nje ya chombo angani: dawa ya kuzuia ukungu kwenye kioo chake ilimwingia jichoni, machozi yakajaa, na kwa kuwa angani machozi hayadondoki, yakahamia hadi jicho la pili. Kwa muda hakuweza kuona. Shampuu ya watoto haiwashi sana macho, na kwa kazi hii inafaa sawasawa.

Wazamiaji hutema mate kwenye miwani yao. Inasaidia kwa kiasi, kwa sababu mate nayo yanayafanya maji yatandae. Ila ukiwa Luchelele au ukingo mwingine wowote wa ziwa, suuza kwa maji ya bomba. Kichocho kipo, na huingia hata kupitia ngozi.

Kuna miwani inayotoka kiwandani ikiwa imeshapakwa dawa ya ukungu upande wa ndani. Hiyo usiipake sabuni, na zaidi ya yote usiifute ikiwa imelowa. Utando wake hunyonya maji na kulainika. Ukipitisha fulana juu yake, unaubandua. Ikung'ute, iache ikauke yenyewe. Miwani mingi mizuri huharibiwa hivi katika wiki yake ya kwanza, kisha lawama zinaenda kwa muuzaji. Thina, petroli na asetoni navyo vikae mbali. Lenzi nyingi za kinga ni za plastiki ya polikaboneti, na vimiminika hivyo huitia nyufa ambazo mwanzoni huzioni. Lenzi yenye nyufa haina kinga tena.

Ukinunua, soma maandishi madogo yaliyochongwa kwenye lenzi. Kwa miwani yenye alama ya kiwango cha Ulaya, EN 166, herufi N maana yake lenzi imepimwa ukungu. Usitegemee miujiza: kipimo chenyewe kinadai ibaki wazi kwa sekunde 8 tu. Kiwango cha Marekani, Z87.1, hutumia herufi X kwa jambo hilo tangu toleo la 2020. Herufi za EN 166 za nguvu ya kuhimili mgongano nazo zitazame. F imepigwa kwa gololi ya chuma yenye kasi ya mita 45 kwa sekunde, B kwa mita 120. Ukipiga hesabu ya uzito wa gololi hiyo, gramu 0.86, F inaishia chini kidogo ya jouli 1 wakati B inapita jouli 6. Mimi nisingempa mtu wa grenda wala mchezaji wa easofti miwani ya F, hata kama haiingii ukungu kabisa.

Upande wa hewa, kanuni ni moja tu: mvuke upate njia ya kutoka. Matundu ya juu na chini ya fremu ndiyo yanayofanya kazi hiyo, na mara nyingi yamezibwa na vumbi, rangi, au kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Yasafishe kwa mswaki wa zamani. Usitoboe mapya. Tundu linalopitisha upepo wa kutosha linaweza kupitisha cheche, na kwa anayeshika klorini matundu ya wazi hayafai hata kidogo. Yeye anahitaji yale yenye kifuniko kilichopinda, yanayopitisha hewa lakini yanazuia matone. Jasho nalo lizuiwe mapema kwa kitambaa kilichofungwa kwenye paji la uso. Na ile tabia ya kupandisha miwani kichwani wakati wa mapumziko ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu paji la uso lina joto na limelowa. Miwani inajaa mvuke, ukiishusha tu umeshafungiwa. Iachie ining'inie shingoni.

Upande wa joto la lenzi unadai pesa zaidi kidogo. Lenzi mbili zenye hewa iliyofungiwa katikati huifanya ile ya ndani ibaki karibu na joto la uso, hivyo haishuki chini ya kiwango cha umande kwa urahisi. Wachezaji wa easofti wanaipenda hiyo, na wengine hufunga feni ndogo ya betri juu ya fremu. Kuna wanaotumia wavu wa chuma badala ya lenzi. Ukungu hauna pa kukaa, ni kweli, lakini kidonge cha plastiki kikipasuka kwenye wavu, vipande vyake vinaweza kupenya. Binafsi naona ni biashara mbaya.

Kwa anayeingia na kutoka chumba cha baridi kiwandani, ukungu haubaki upande wa ndani tu. Lenzi iliyopoa huko ndani, ikitoka kwenye hewa ya Mwanza yenye kiwango cha umande cha nyuzi 18, inalowa nje na ndani kwa pamoja. Hapo matundu hayasaidii. Subiri lenzi ipate joto, au uwe na miwani miwili, mmoja wa huko na mwingine wa nje.

Yote haya yakishindikana na ukungu ukaja katikati ya kazi, usipandishe miwani ili uchungulie chini yake. Mchezaji ainue mkono, atoke hadi nje ya uwanja akiwa bado ameivaa. Fundi azime grenda na kusubiri: jiwe linaendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa baada ya umeme kukatwa. Likisimama, asogee pembeni, mbali na mwenzake anayeendelea kukata, ndipo avue.