Mimi si daktari wa kichwa, mama mkubwa

Siku niliyofika Lubumbashi kwa likizo, mama mkubwa wa Katuba alikuwa ameshamwita jirani mwenye mtoto wa kifafa, aje kumwona "dokta wetu wa ubongo". Niliona haya kumwambia kwamba mimi siandikii mtu dawa. Nasomea uzamivu (PhD), kazi yangu ni kupiga hesabu za neva, yaani kuigiza seli za ubongo kwenye kompyuta. Mtoto nikamwelekeza hospitali, maana wengi wanaomeza dawa za kifafa ipasavyo huacha kuanguka.

Wengine hudhani kwa kazi hii ni lazima uwe umesomea utabibu. Mimi nimetoka kwenye uhandisi wa umeme, na sikujiona mgeni. Seli ya neva iliyotulia ina takriban milivolti 70 kati ya ndani na nje, ndani kukiwa hasi. Inapopiga ishara, sodiamu inaingia, volti inaruka. Potasiamu inatoka, volti inashuka. Kwa mhandisi, utando wa seli ni kapasita, kifaa cha kutunza chaji, na mifereji inayopitisha chumvi hizo ni rezista, vizuizi vya umeme, zinazobadilika.

Dhana ninayoisikia zaidi: bila kompyuta kubwa na umeme usiokatika, kazi hii haiwezekani. Kwetu umeme ukikatwa ovyo hivi, nawaelewa. Lakini Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliochapisha milinganyo yetu ya msingi mwaka 1952, walipima neva ya ngisi, nene kiasi cha kuingiza waya ndani. Ilipofika zamu ya hesabu, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuwa inafanyiwa marekebisho kwa miezi kama sita. Huxley akachukua mashine ya kuzungusha kwa mkono, akakokotoa hatua kwa hatua, wiki kama tatu. Tuzo ya Nobel ikaja 1963. Leo laptopu kuukuu humaliza hesabu hiyo kufumba na kufumbua, na programu za kuigiza neva kama NEURON na Brian ni za bure. Laptopu yangu ilikuwa ikichajiwa mtaa wa Kamalondo, kwenye jenereta ya kinyozi.

Eti tunajenga ubongo mzima ndani ya mashine? Ubongo wa binadamu una seli za neva takriban bilioni 86. Mnyoo mdogo C. elegans ana 302, ramani ya jinsi zinavyoungana ilitoka 1986, na bado kumwigiza mzima kunatushinda.

Mimi nina seli elfu moja tu za kuigiza: nyingine huchochea wenzake, nyingine hutuliza. Napunguza utulizaji kidogo kidogo, naangalia ni wapi zote zinaanza kupiga kwa pamoja, kama inavyotokea mtu anapoanguka kifafa.

Nilipomweleza hayo, mama mkubwa akaweka bukari (ugali) mezani. "Sasa si ndiyo nilisema? Dokta wa kifafa."